Vipande Viwili vya Kijivu

Shuleni walimwita Mama Vidole, na hakuna aliyekumbuka tena nani alianza. Alichapa kwa vidole vinne tu, viwili kila mkono, lakini vinne hivyo vilikimbia kuliko kumi vya mtu aliyesomea. Miaka kumi na saba nyuma aliingia katika ofisi ile akiwa na ndoo na fagio. Elimu yake ilikuwa darasa la saba. Katibu wa zamani, mama mmoja mnene mwenye kikohozi kisichopona, alikuwa akimwachia taipureta saa ya chakula ajifurahishe nayo. Katibu alipostaafu, uongozi ulihangaika miezi miwili kutafuta mchapaji, kumbe mchapaji yuko pale pale anapiga deki chini ya meza.

Kompyuta ilipokuja, aliisoma kwa woga, kama mtu anavyomsoma mama mkwe: hiki ukigusa anacheka, kile ukigusa ananuna. Hakujua majina ya mambo mengi yaliyomo, ila alijua yalipo. Barua, ratiba, ripoti za watoto, mitihani, vyote vilipita mikononi mwake. Walimu walimletea karatasi zilizokwaruzwa kwa kalamu ya risasi, naye alizirudisha zimenyooka.

Nyumbani alikuwa mama wa watoto watatu. Wawili walikwisha kuota mbawa. Aliyebaki ni kitinda mimba wake, msichana wa miaka kumi na minne, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda. Mumewe alikuwa dereva wa lori, wiki tatu barabarani, siku nne nyumbani, kwa hiyo wasiwasi wa nyumba nzima aliubeba mama peke yake. Aliubeba kwelikweli. Alijua kikohozi cha vumbi na kikohozi cha homa. Akirudi kazini, kabla ya kuvua viatu, alitazama viatu vya binti mlangoni vimekaaje: vikiwa vimetupwa huku na huko, siku ilikuwa mbaya. Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Kalamu unayo? Na ya akiba?"

"Ninazo tatu, mama. Unataka nifungue duka?"

Kitinda alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Redio, pasi, kufuli, saa ya baba yake, vyote alivifungua, na vingi alivirudisha vikafanya kazi. Na kila mwaka shule yao ilikuwa na nafasi tatu za kupeleka watoto wa darasa la mwisho katika shule ya ufundi ya bweni, kila kitu kimelipiwa, kuanzia vitabu hadi godoro. Watatu tu kati ya wote waliofanya mtihani. Kitinda alikuwa akiitaka nafasi hiyo tangu ana miaka tisa, na mama yake aliitaka zaidi yake, ila hakulisema, akiogopa kulitia nuksi.

Aliyeitaka vilevile ni binti wa jirani. Jirani huyo alikuwa mshonaji, nyumba zao zimetenganishwa na ua wa kutundikia nguo, wakaazimana chumvi, sindano na siri kwa miaka kumi na moja. Binti yake aliitwa Kimya. Halikuwa jina la kuandikishwa, bali sifa. Alikuwa akisema maneno matano kwa siku, na yote matano ni ya kweli.

Sasa mwaka ule mtihani wa nafasi tatu ulipokaribia, mwalimu wa jiografia alimletea Mama Vidole mchoro. Swali la tano. Duara lililogawanywa vipande vinne kama mkate wa mviringo uliokatwa, likionyesha jinsi ardhi ya bonde fulani inavyotumika. Msitu, makazi, mashamba, malisho. Na kwa kuwa shule haikuwa na wino wa rangi, kila kipande kilitakiwa kijazwe nakshi yake: msitu nakshi ya drafti, makazi yaachwe meupe, mashamba vinukta, malisho mistari ya mshazari. Pembeni, kisanduku cha ufunguo kueleza nakshi ipi ni nini. Alama nne.

Kazi hiyo aliijua. Programu ya kuandikia ilikuwa na nakshi zake za kujazia, zimepangwa kama vitambaa dukani, unachagua unabonyeza. Jumanne alilichora duara, akalichapa kwenye printa ya zamani, ile waliyoiita Kongwe. Kongwe ilichapa kwa kelele na vinukta vyake vilikuwa vikubwa kama mbegu, lakini kila nakshi ilijitenga na mwenzake. Mwalimu akaitazama, akasema, "Mama, hapa umeua," akachukua karatasi hiyo akaiweka katika faili lake, iwe ya kusahihishia.

Alhamisi, siku ya kutoa nakala zote, Kongwe ikatafuna karatasi na kukataa katakata. Basi Mama Vidole akahamia printa mpya, iliyoletwa na wafadhili muhula ule. Printa mpya ilikuwa kimya, ya haraka, herufi zake laini kama za kitabu. Na kwa kuwa mtunza stoo alikuwa akitoa karatasi kana kwamba anatoa damu yake, akapunguza ukubwa, kurasa mbili zikae upande mmoja wa karatasi.

Nakala ya kwanza ikatoka ingali moto. Akaisoma yote, kama kawaida yake. Herufi safi. Namba safi. Akafika swali la tano, akasita.

Vipande viwili vilikuwa kijivu. Si vinukta wala mistari: kijivu kitupu, kama majivu yaliyochekechwa, kimoja huku na kimoja kule, na katika ufunguo visanduku viwili vya kijivu kilekile. Ubora wa printa ndio uliomponza. Vile vidoa ambavyo Kongwe iliviweka vikubwa, hii mpya iliviweka vidogo sana, na alipoipunguza karatasi vikazidi kuwa vidogo, mpaka vinukta na mistari vikawa ukungu mmoja.

Akaipeleka dirishani. Akaileta karibu na pua. Ndiyo, kwa kukodoa, kwa mtu anayejua anachotafuta, hii ilikuwa mistari. Pengine. Akajiambia, watoto wana macho mapya, wataona.

Kengele ya kutoka ikalia. Kupitia dirisha lile lile akamwona Kitinda getini, hana sweta, upepo unavuma, na kesho ndiyo mtihani. Sweta lilikuwa hapo, limetundikwa nyuma ya kiti cha mama yake. Mtoto alikuwa na koo linalowasha tangu jana. Mama Vidole akamtazama binti, akaitazama karatasi, akabonyeza kitufe. Nakala arobaini na tatu. Akazifunga, akazikabidhi kwa mwalimu wa zamu, akatoka mbio na sweta mkononi.

Hakuna aliyemlazimisha. Hilo alilirudia baadaye mara nyingi.

Mtihani ukafanyika Ijumaa. Jumatano iliyofuata walimu wakamletea karatasi zilizosahihishwa na orodha za alama ili ajumlishe na kuchapa majina kwa mfuatano. Akajumlisha mara mbili. Wa kwanza na wa pili walikuwa mbele sana, wavulana wawili. Wa tatu, Kitinda, alama mia mbili sabini na moja. Wa nne, Kimya, mia mbili sitini na tisa.

Furaha ilimpanda mpaka masikioni. Akainuka, akakaa, akaangalia mlango kama umefungwa, akacheka peke yake. Kisha, kwa ile tabia yake ya kutoamini kitu chema mpaka akigeuze nyuma, akazitafuta karatasi za jiografia za wasichana wawili.

Ya Kitinda, swali la tano: nne kati ya nne.

Ya Kimya, swali la tano: sifuri. Hakuwa ameacha wazi. Ameandika kwa mwandiko wake wa kubana: *Nakshi ya mashamba na ya malisho zinafanana. Haiwezekani kujua kipi ni kipi.* Na chini yake mwalimu, ambaye alisahihisha akiitazama ile nakala safi ya Kongwe, ameandika kwa wino mwekundu: *Usimfundishe mwalimu kazi. Soma swali.*

Akafunua karatasi nyingine. Wengi wamekosa. Wengine wamepata. Aliyebahatisha upande huu amepata zote, aliyebahatisha upande ule amekosa zote. Mtoto mmoja tu kati ya arobaini na watatu ndiye aliyeandika ukweli, naye ndiye aliyeambiwa hajui kusoma.

Jioni ile, akiwa anaosha vyombo, akauliza kana kwamba anauliza habari za mvua.

"Hivi lile swali la tano la jiografia lilikuwaje?"

"Mama, si ulilichapa wewe?"

"Mimi nachapa tu."

"Lile duara?" Kitinda akacheka, anafuta sahani. "Vipande viwili rangi moja! Nikafumba macho nikaweka kidole. Kikaangukia kimoja, nikasema haya, wewe ni mashamba."

"Hamkumwuliza msimamizi?"

"Kimya alinyoosha mkono. Akaambiwa shusha, huu ni mtihani si baraza. Kwa nini, nimekosa?"

"Matokeo hayajatoka," akasema mama, na hakumtazama.

Mumewe alipopiga simu usiku ule kutoka safarini, akamweleza yote, kwa sauti ya chini, amesimama nje kwenye kamba ya nguo.

"Kuna mtu amekuuliza?" mume akasema.

"Hajaniuliza mtu."

"Basi."

"Basi nini, Baba Kitinda?"

"Basi usijipalie makaa. Mtoto amefanya mtihani, ameshinda. Unataka uende ukaseme printa ilikuwa na kisirani? Na watu watasemaje? Mama ndiye mchapaji, watoto wote hawakuona, binti yake peke yake kaona! Watasema ulimwibia mtihani. Umefikiria hilo?"

Alikuwa amelifikiria. Akaingia ndani. Kesho yake akaichapa orodha kama ilivyokuwa, na Ijumaa ikabandikwa ubaoni. Kitinda wa tatu.

Jirani mshonaji ndiye wa kwanza kuja kuwapongeza. Alikuja na macho mekundu na tabasamu lililoshikizwa kwa nguvu, kama pindo lililoshonwa haraka.

"Jirani, hongera. Bora imekwenda kwako kuliko kwa wasiojulikana."

"Asante, jirani."

"Na wangu naye, sijui kilimpata nini. Alama mbili! Alama mbili tu, jirani. Kaenda kumwandikia mwalimu maneno ya ujeuri. Mtoto haongei mwaka mzima, siku ya kuongea anachagua mtihani!"

Mama Vidole akasema kitu, hakujua amesema nini. Usiku ule na wa siku zilizofuata usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande. Mchana alikula kwa sababu ya saa. Kitinda aliimba bafuni, akaandika orodha ya vitu vya bweni, akamkumbatia mama yake bila sababu, na kila kumbatio lilimchoma.

Jumatatu watoto wakarudishiwa karatasi zao. Mwalimu wa jiografia alilifokea darasa zima: watoto wa siku hizi hawawezi kusoma hata duara lenye vipande vinne. Na Jumanne, saa nne asubuhi, Mama Vidole akasikia sauti anayoijua katika ukumbi mwembamba mbele ya ofisi yake. Ofisi ya walimu ilikuwa mlango unaotazamana na wake.

"Mwalimu, nimemleta mwenyewe," alikuwa akisema jirani. "Sitaki ujeuri nyumbani kwangu. Haya, sema."

Kiatu kikakwaruza sakafu.

"Sema!"

"Samahani, mwalimu."

"Samahani kwa nini?" akauliza mwalimu, si kwa ukali, kwa sauti ya mtu anayetaka jambo liishe.

"Kwa nilichoandika."

"Na ulichoandika kilikuwa kweli?"

Mama Vidole, upande wa pili wa mlango, vidole vyote vinne vimesimama juu ya herufi, akangoja. Msichana akasema, polepole, "Hapana, mwalimu." Na hapo mama yake akasema asante mwalimu, na miguu ikaondoka, miwili mizito na miwili myepesi.

Mtoto aliyekuwa akisema maneno matano ya kweli kwa siku amefundishwa kusema la uongo, na aliyemfundisha si mama yake wala mwalimu. Mama Vidole alikaa na hilo Jumanne yote na Jumatano yote. Alhamisi akapiga moyo konde, akachukua karatasi mbili, nakala ya Kongwe, moja tu aliyofanikiwa kuitoa kabla mashine haijakwama tena, na nakala ya mtihani, akagonga kwa Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, mtu wa kuhesabu maneno.

"Mkuu, nina kosa," akasema, na akalieleza lote amesimama, kuanzia Kongwe kutafuna karatasi hadi orodha ubaoni. Mwalimu Mkuu akavaa miwani, akaziweka karatasi sambamba, akazitazama. Akavua miwani. Akamwita mwalimu wa jiografia.

Mwalimu akazitazama naye. Uso ukambadilika pole pole.

"Mimi nilisahihishia hii," akasema, akigusa ya Kongwe. "Kumbe wao walikuwa na hii. Na yule mtoto nimemwambia..." Akamgeukia Mama Vidole. "Mama, uliiona siku ileile?"

"Niliiona."

"Mbona hukusema? Nilikuwa pale nje!"

"Nilitaka kumwahi mwanangu na sweta."

Lilisikika dogo na la kipuuzi, sweta, katika chumba kile chenye makabati ya chuma. Lakini ndilo lilikuwa jibu, na hakuwa na jingine.

"Na binti yako," mwalimu akasema, sasa kwa uangalifu, "alipataje zote nne?"

"Alibahatisha. Najua huniamini."

"Sijasema hivyo, mama."

"Hujasema."

Mwalimu Mkuu akagonga meza kwa ukingo wa miwani. "Hapa hatuendi kwa kuaminiana. Swali la tano linarudiwa kesho asubuhi, watoto wote arobaini na watatu. Mwalimu, utatunga bonde jingine, na namba nyingine. Mama Vidole, utachapa wewe, na mimi nitakaa hapo kwenye kiti mpaka nakala ya mwisho itoke, na karatasi nitalala nazo mimi. Unajua hesabu ya binti yako bila lile swali?"

"Mia mbili sitini na saba, Mkuu. Na yule mwingine mia mbili sitini na tisa. Nimechapa mwenyewe."

"Kwa hiyo unajua unachokiomba."

"Najua."

Mchana ule alifanya kazi kama hajawahi kufanya. Safari hii hakuchagua nakshi kwa kutazama kioo cha kompyuta. Kioo kilikuwa kimemdanganya, kinaonyesha kila kitu kikubwa na cha kupendeza. Alichapa kwanza karatasi ya majaribio, nakshi kumi na mbili zimepewa namba, kwa printa ileile mpya itakayotoa nakala. Tisa kati yake zilitoka ukungu, na tatu zilizobaki zilikaribiana mno. Basi akaziacha zote. Akachukua rula na kalamu nene, akachora kwenye karatasi nyeupe mistari ya mshazari, mipana, yenye nafasi katikati. Kwenye nyingine vinukta, kimoja kimoja, kwa subira. Akaviingiza kwenye kompyuta kama picha kwa mashine ya kunakili, akajazia vipande kwa picha hizo badala ya nakshi za programu. Ukurasa mmoja, karatasi moja. Hakupunguza chochote.

"Mtunza stoo atalia," akasema Mwalimu Mkuu kutoka kitini.

"Alie, Mkuu."

Nakala ya kwanza ikatoka. Akaibandika ukutani, akarudi nyuma hatua nne. Akaona wazi. Hakujiamini. Alikuwa na macho ya mtu anayejua anachotafuta, na macho hayo ndiyo yaliyomponza mara ya kwanza. Akafungua mlango, akamwita mlinzi wa geti.

"Njoo, kaka. Hiki kipande na hiki, ni kitu kimoja au viwili?"

Mlinzi akatazama duara, akawatazama wanawake wawili, akidhani anapimwa akili. "Viwili, dada."

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Hiki kina mistari, hiki kina vidoa! Nimefanya kosa gani leo?"

"Huna kosa," akasema Mama Vidole. Akabonyeza kitufe.

Nyumbani hakumwambia Kitinda neno, kwa kuwa Mwalimu Mkuu alikataza. Alimwuliza kama amekula. Asubuhi watoto wakaambiwa swali moja lilikuwa na dosari ya uchapaji na litarudiwa. Dakika kumi na tano. Swali lilikuwa jepesi, mtu yeyote mwenye macho angelipata, na karibu wote walilipata. Kitinda nne kati ya nne. Kimya nne kati ya nne.

Mia mbili sabini na moja. Mia mbili sabini na tatu.

Orodha mpya aliichapa yeye. Alihamisha jina la binti yake mstari mmoja chini. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara tatu tu. Akaihifadhi, akaichapa, akaibandika, na hakusubiri kuona watoto wakikusanyika.

Alipofika nyumbani, viatu vya Kitinda vilikuwa vimewekwa pamoja sawasawa, ncha na ncha, na hilo lilimtisha kuliko kama vingetupwa. Binti alikuwa mezani, mikono juu ya meza.

"Mwalimu ametuambia darasani," Kitinda akasema. "Kasema mchapaji mwenyewe ndiye aliyekwenda kusema."

"Ndiyo."

"Nilipata zote nne, mama. Leo sikubahatisha."

"Najua, mwanangu. Nimeiona."

"Halafu bado nimekosa. Ungeichapa vizuri tangu mwanzo, ningekuwa wa nne tangu mwanzo. Nisingeandika orodha ya bweni. Nisingewaambia watu."

Mama akavuta kiti, akabaki amekishika. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa kelele, kwa mlango kupigwa. Kwa hili hakujiandaa, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Alikuwa amempa mtoto nafasi isiyo yake, akamwacha ailalie wiki nzima, kisha akaja kuivuta kama mtu anavyovuta shuka.

"Nisamehe," akasema.

"Sijui," akasema Kitinda. "Kesho labda."

Kabla halijasemwa la zaidi, jirani akaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, anacheka na kulia kwa pamoja, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Jirani! Jirani yangu! Nimeambiwa ni wewe! Mtu gani anaweza kufanya hivyo, kwa mtoto wake mwenyewe? Nikupe nini mimi?" Akamshika mikono miwili. "Kitinda mwanangu, pole, pole sana, lakini una mama wewe!"

Ingekuwa rahisi kunyamaza hapo. Sifa ilikuwa imemwagwa, ilikuwa ya kupokea tu. Mama Vidole akaitoa mikono yake polepole.

"Usinishukuru. Niliiona ile karatasi kabla hawajaifanya."

"Si ndiyo ukaenda kusema?"

"Nimekwenda kusema jana. Niliiona wiki mbili nyuma. Na alichokiandika Kimya nilikisoma Jumatano ya wiki iliyopita, kabla ya kuchapa orodha."

Jirani akahesabu. Ilionekana usoni jinsi anavyohesabu, siku moja moja.

"Jumanne," akasema. "Jumanne nilipomleta shuleni. Ulikuwa ofisini?"

"Nilikuwa ofisini."

"Umesikia?"

"Nilisikia yote."

Mshonaji akaitoa tepu shingoni, akaiviringisha kidoleni, akaiviringua. "Njiani nilimfinya," akasema, si kwa hasira, kama mtu anayejisemea. "Alikuwa anakataa kuja, nikamfinya hapa, juu ya mkono." Kisha akageuka akatoka, na mlango akauacha wazi.

Kitinda alikuwa amemtazama mama yake muda wote. "Mimi nimekosa nafasi," akasema. "Lakini mimi hujaniacha nikaombe radhi kama Kimya."

Mama Vidole alivuka ua. Jua lilikuwa bado juu, nguo za nyumba mbili zinapepea kambani. Mlango wa jirani ulifunguliwa na Kimya mwenyewe. Ndani, cherehani ililia kwa nguvu, na aliyeiketia hakugeuka wala hakusema karibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kwako, si kwa mama yako." Alikuwa ametunga maneno njiani, hatua kumi na mbili za njia, na yote yakampotea. "Ulichoandika kilikuwa kweli. Mimi nilikuwa najua ni kweli, nikanyamaza, ukaitwa mjeuri. Naomba unisamehe."

Msichana akasimama ameshika kitasa. Alitazama chini, akatazama juu.

"Kwa nini zilifanana?" akauliza.

"Nini?"

"Zile nakshi. Kwenye kompyuta zilifanana?"

"Hapana. Kwenye kioo zilionekana vizuri kabisa." Na kwa kuwa mtoto alikuwa anangoja kweli, Mama Vidole akamweleza pale pale kizingitini: jinsi printa ya zamani inavyoweka doa kubwa na mpya inavyoweka doa dogo, jinsi karatasi ikipunguzwa na madoa nayo yanabanana, mpaka jicho linashindwa kuyatenga, linaona kijivu tu. Akamweleza na jinsi alivyoirekebisha, kwa rula na kalamu nene. Kimya alisikiliza kwa kichwa kilichoinama kidogo, kama mtu anayefuata mkono wa fundi.

"Kumbe inarekebishika," akasema.

"Inarekebishika."

"Siku ile ingechukua muda gani?"

Ndani, cherehani ilinyamaza.

"Nusu saa," akasema Mama Vidole.